Seti ya mafuvu sita ya plastiki: chukua ya saizi kamili, au iache

Seti hii inalenga walimu wa Biolojia na Historia. Ndani ya boksi mna mafuvu sita ya plastiki ngumu, kibao cha mbao chenye vigingi sita, na kijitabu cha maelezo. Mafuvu yenyewe ni la sokwe mtu, Australopithecus afarensis (jamaa yetu wa kale aliyetoweka), Paranthropus boisei (jamaa mwingine aliyetoweka, yule aliyefukuliwa Olduvai mwaka 1959 na kuitwa kwanza Zinjanthropus), Homo erectus (mtu wa kale), Neanderthal (mtu wa kale wa Ulaya na Asia) na mtu wa leo. Ipo ya saizi kamili na ipo ya nusu saizi. Ya nusu ni nyepesi na ya bei nafuu, na kwa skuli ya Pemba inayosubiri vifaa vivushwe kwa boti inashawishi zaidi. Usishawishike.

Ukipunguza kitu nusu kwa urefu, upana na kina, ujazo wake haubaki nusu. Hubaki sehemu moja ya nane. Ubongo wa mtu wa leo ni kama mililita 1,350 kwa wastani. Kwenye fuvu la nusu saizi nafasi hiyo inakuwa mililita 169 hivi. Kijitabu kinamwambia mwanafunzi azidishe mara mbili, naye akifanya hivyo anapata 338, yaani mtu wa leo anashindwa na sokwe mtu wa kweli mwenye 390 hivi! Jibu sahihi ni kuzidisha mara nane, lakini hapo kosa dogo la mililita 10 nalo linakuwa 80.

Saizi kamili ni habari nyingine. Meno yametengenezwa vizuri kuliko bei inavyoahidi. Sokwe mtu na mtu wa leo wote wana meno 32, kwa mpangilio uleule, kwa hiyo hesabu peke yake haitofautishi kitu. Mwambie mwanafunzi atazame chonge. Za sokwe mtu ni ndefu, na taya la juu lina pengo la kupokea chonge ya chini mdomo ukifumba. Kwa mtu wa leo chonge imekuwa fupi na pengo halipo. Fuvu la boisei lina magego mapana na bapa, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa ambapo misuli ya kutafunia ilishika. Ukingo huo unasomeka hata kwa kidole.

Tundu la chini ya fuvu, unapopita uti wa mgongo, nalo limewekwa mahali pake. Pindua fuvu, lilaze juu ya kata ya kitambaa lisiyumbe, kisha pima kwa rula: kutoka ukingo wa mbele wa tundu hadi meno ya mbele, na kutoka ukingo wa nyuma hadi kisogoni. Kwa sokwe mtu tundu liko nyuma sana. Kwa mtu wa leo limesogea karibu na katikati, kichwa kikakaa juu ya mgongo uliosimama. Zoezi hili linachukua dakika chache na halihitaji kifaa chochote cha maabara.

Kupima ujazo wa ubongo ndiko kunakotangazwa zaidi, na ndiko kwenye matatizo. Plastiki ni wazi ndani hadi usoni, kwa hiyo mchele ukimiminwa unateremkia kwenye pua na mashavu, na mtu anapata ujazo uliozidi mno. Ziba njia ya usoni kwa pamba iliyoshindiliwa kupitia tundu la chini. Tumia ulezi badala ya mchele, maana punje zake ndogo za mviringo hujaza pembe vizuri. Mimina kwa faneli, gonga fuvu taratibu hadi punje zisishuke tena, jaza mpaka ukingo wa tundu, kisha hamishia kwenye silinda ya kupimia. Maji usiyajaribu, viungo vya plastiki vinavuja. Hata ukifanya yote haya jibu litazidi kidogo, kwa sababu ukuta wa plastiki ni mwembamba kuliko mfupa wa kweli. Linganisha fuvu kwa fuvu, usidai namba kamili.

Kasoro kubwa zaidi haimo kwenye plastiki. Seti ni vichwa vitupu. Mwanafunzi anaondoka akidhani safari yetu ilianzia kwenye ubongo, wakati nyayo za Laetoli, karibu na Olduvai, zilizopatikana mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi na waliozikanyaga walikuwa tayari wanatembea kwa miguu miwili. Ubongo wa afarensis haukumpita sana wa sokwe mtu. Ule mkubwa wa Homo erectus ulikuja zaidi ya miaka milioni moja baadaye. Kwa skuli za pwani dawa ipo bure: maji yakitoka, watembeze wanafunzi kwenye mchanga mbichi, wapime kina cha kisigino, waone kidole gumba kilivyojipanga sambamba na vingine, na mahali wayo ulipojikunja usiguse chini.

Kibao bora ukakifanye rafu ya vitabu. Kinayapanga mafuvu foleni, sokwe mtu mwanzo na sisi mwisho, kana kwamba mmoja alimzaa mwingine. Sokwe mtu wa leo si babu yetu. Tumetoka kwa mzee mmoja, na njia zikaachana miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Boisei naye ni tawi la pembeni lililokatika. Chora matawi kwa chaki mezani na upange mafuvu juu yake.

Kijitabu nacho kinadai ni mwanadamu tu atumiaye zana. Dai hilo lilianguka Gombe, Kigoma, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall alipowaona sokwe mtu wakichokoa mchwa kwa vijiti walivyovitengeneza wenyewe. Ukitaka kuzungumzia mkono, nao haumo kwenye seti, kwenye msitu wa Jozani, Unguja, kuna kima punju ambaye kidole gumba chake karibu hakipo, na Pemba kuna tumbili ambaye anacho. Na wanafunzi wakiuliza watu wa Pango la Kuumbi, kule Jambiani, Unguja, walikuwa na fuvu lipi miaka 20,000 iliyopita, Unguja ikiwa bado imeshikana na bara, jibu ni la sita, sawa na letu.

Hewa ya chumvi itazila mapema springi zinazoshika taya kwenye fuvu. Zitoe, weka mpira wa kufungia noti, na ubadilishe ukianza kupasuka. Seti za plasta zisinunuliwe kabisa, zinanyonya unyevu wa masika na kuota ukungu. Kabla ya kulipa, fungua boksi uangalie taya la Neanderthal: kidevu kilichochomoza ni cha mtu wa leo peke yake, na kiwanda kilichompa Neanderthal kidevu kimenakili kichwa kimoja mara mbili. Rudisha.