Dirisha la Trellick Tower limenitoa roho

Nilipanga Trellick Tower, magharibi mwa London, kwa sababu ya dirisha. Dirisha hilohilo ndilo linanifanya niandike hapa nikiwa nimefura.

Urefu wa jengo na picha zake mtazitafuta wenyewe. Ninachotaka mjue ni kwamba Ernő Goldfinger, msanifu wake, alifikiria hadi namna mpangaji atakavyoosha vioo. Dirisha linazunguka, upande wa nje unakuja ndani, unapitisha kitambaa umesimama sebuleni kwako, huko juu kote. Siku ya kuoneshwa nyumba dalali alilizungusha kwa mkono mmoja. Nikasaini siku ileile.

Baridi ilipoingia, likakwama katikati. Halifungi, halifunguki. Pazia linapepea kama bendera ya ikulu, mimi nakula na koti mwilini. Nikampigia dalali. Jibu lake? Jengo linalindwa kisheria, hata skrubu haiguswi bila kibali. Akaongeza kuwa watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha, mimi ninayelala ndani bado nalalamika. Kha!

Ni kweli liliingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi mwaka 1998, daraja la II*, yaani la pili kwa uzito kati ya matatu, na ulinzi huo unashika mpaka ndani ya nyumba. Lakini sheria ya Uingereza haijakataza fundi. Kibali kinatakiwa pale unapogeuza sura ya jengo. Ukikarabati kilichoharibika, kikabaki vilevile kilivyokuwa, kwa kawaida hakuna wa kumwomba ruhusa. Bawaba yangu ilitaka bisibisi na mafuta. Nikamwandikia hayo yote kwa adabu zangu zote. Akajibu mstari mmoja: nivae sweta.

Sasa nendeni Balfron Tower, mashariki mwa jiji, jengo alilolitangulia Goldfinger kulichora kabla ya hili. Nalo lina daraja la II*. Wapangaji wa halmashauri walitolewa, nyumba zikatengenezwa upya kwa soko binafsi, na madirisha ya mbao nyeupe yakang'olewa, ikawekwa alumini ya kahawia. Wapenzi wa majengo hayo walipiga kelele, kibali kikatoka vilevile. Kumbe mwenye mtaji anabadilisha madirisha ya jengo zima, mimi bawaba moja naambiwa ni urithi wa taifa! Nalipa jengo hili nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya huruma.

Aliyeniokoa ni mama mmoja jirani, mtu mzima, amelea watoto wake humo. Korido ziko kila baada ya ghorofa mbili, na lifti husimama hapo tu, kwa hiyo watu wa ghorofa tatu mnapishana sehemu moja. Huwezi kukaa humo usijulikane. Aliniona nimejikunyata, akauliza, akaingia. Akakunja boksi la nafaka mara nne, akalisokomeza kwenye ufa wa chini, akaisukuma fremu kwa nyonga. Upepo ukakata. "Yote yana tabia hiyo," akasema, akaenda zake.

Na usiku ule, upepo ulipokatika, ndipo niliposikia nyumba yenyewe. Kimya. Lifti zimejengewa mnara wao pembeni, zinaungana na nyumba kwa vijia vya angani, hivyo mngurumo wake haukufikii kitandani. Swichi za taa zimepachikwa kwenye fremu za milango, mkono unazikuta gizani bila kupapasa ukuta. Nimekaa nyumba za jiji hili zilizojengwa juzi ambako namsikia jirani akipiga mswaki. Hiyo nyota moja naifuta. Zege hili lilichorwa na mtu aliyejua binadamu anaishije. Nne, karibu tano.

Fundi alikuja hatimaye, majira yakiwa yameshabadilika. Skrubu moja, mafuta kidogo, kijana hakumaliza hata chai niliyomwekea. Dirisha sasa linazunguka kama siku ya kwanza, na jua la jioni linaingia hadi jikoni. Nasimama pale nikisahau sufuria.

Halafu jana nimeletewa bili ya huyo fundi, eti gharama ni ya mpangaji. Basi ziwe tatu. Nikilipishwa kweli, nitarudi hapa kupunguza.