Vijidude vya waifai vya Darajani: kipi kompyuta ya mezani itakisoma

Ukitoka Darajani ukaingia Mlandege, mjini Unguja, maduka ya simu na vifaa vya kompyuta hayakosi kijidude hiki: cheusi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimefungwa ndani ya plastiki ngumu pamoja na kisidii cha sentimita 8. Jina lake dukani ni "waifai ya USB". Chake Chake kipo, Wete kipo. Kwa kompyuta ya mezani isiyokuwa na waifai ndiyo dawa ya bei ya chini kabisa, na ndiyo pia inayorudi dukani na maneno yale yale: "haisomi".

Nyingi kati ya hizo zinazorudishwa ni nzima. Mnunuzi amenunua kasha, kompyuta inasoma chipu, ule ubongo mdogo uliomo ndani ya kijidude.

Tuanze na kasha. Moja linasema kasi ni 300, jingine 600, na yapo yaliyoandikwa 950. Ndani yake mara nyingi mna Realtek RTL8188 au MediaTek MT7601U, na zote mbili mwisho wake ni megabiti 150 kwa sekunde, kwenye masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Hata hiyo 150 inataka chaneli ya upana wa megahezi 40. Ruta ikikaa kwenye 20, kama inavyopasa mtaani penye ruta zilizobanana, kiungo kinasimama kwenye 72. Kwa WhatsApp, barua pepe, fomu za mtandaoni na video za kawaida, inatosha. Hapo tusikionee.

Ubaya wake uko kwengine. RTL8188 si chipu moja. Kuna EU na kuna FTV, zimo ndani ya ganda lile lile, na kila moja ina draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Ya EU mara nyingi Windows 10 huitambua yenyewe. Ya FTV inaweza kukaa na alama ya njano mpaka uipe draiva yake khasa. Kwa macho huzitofautishi. Zinatofautishwa kwa namba: chomeka adapta (ndicho kijidude chenyewe), bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya kifaa, ingia Properties, kisha Details, halafu chagua Hardware Ids. VID ni namba ya kampuni, PID ni ya bidhaa. VID_0BDA na PID_8179 ni EU. VID_0BDA na PID_F179 ni FTV. VID_148F na PID_7601 ni MT7601U. Draiva inatafutwa kwa namba hiyo. Maneno ya kwenye kasha waachie wenye duka.

Fundi akiambiwa "haisomi", suali lake la kwanza liwe: haisomi vipi? Maana kuna kompyuta iliyo kimya kabisa, kuna iliyolia "ding" ikatoa jina geni, na kuna iliyosoma vizuri lakini alama ya waifai haionekani. Ni maradhi matatu, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Kimya kabisa maana yake unachomeka, hakuna mlio, na orodha ya Device Manager haitikisiki. Hapo usihangaike na draiva, kwa sababu draiva haina la kufanya kwa kifaa ambacho habari zake hazijafika kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Chomoa adapta, chomeka mausi kwenye tundu lile lile. Mausi ikigoma, tundu ndilo lenye kesi. Matundu ya mbele ya kasha la kompyuta yanategemea waya unaokwenda kwenye pini 9 za mazabodi, na kwenye kompyuta za mtumba waya huo mara nyingi umechomoka siku mtu alipobadilisha diski. Hamia nyuma, matundu ya nyuma yamelehemiwa kwenye mazabodi yenyewe. Kama kompyuta ilitoka ofisini, angalia na BIOS pia, yaani mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwani ofisi nyingine hufunga matundu ya USB ili watu wasichomeke flashi. Dell unaingia kwa F2, HP kwa F10, papo hapo inapowaka.

Visiwani tuna adui mwengine: chumvi. Kompyuta iliyokaa karibu na dirisha linaloelekea baharini haichukui misimu mingi kabla matundu yake hayajaanza kuota kutu ya kijani. Chukua tochi ya simu uchungulie. Halafu tazama kichwa cha adapta kwa karibu: kuna vipande vinne vya chuma, viwili vya pembeni ni virefu kidogo, viwili vya kati ni vifupi. Vya pembeni vinapitisha umeme, vya kati vinapitisha data. Ndiyo maana taa ya adapta inaweza kuwaka na kompyuta isione kitu: umeme umefika, data imekwama kwenye kutu. Anayesema "mbona taa inawaka, basi nzima" anasema nusu ya habari.

Kusafisha si kazi kubwa. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, tia spiriti ya aina ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye mswaki laini, piga tundu na kichwa cha adapta, acha ikauke dakika 10. Usikwangue kwa wembe wala pini. Vipande vile vimepakwa dhahabu nyembamba mno, na ukiitoa, kutu inarudi upesi kuliko mwanzo.

Pakitokea maandishi "Device Descriptor Request Failed" na kodi 43, namba yake ikiwa VID_0000 na PID_0002, kompyuta imehisi kuna kitu lakini kitu chenyewe hakikuweza kujitaja. Chanzo ni mguso mbaya, umeme mdogo, waya mrefu wa kuunganishia, au adapta imekufa kweli. Kabla ya kuizika: zima kompyuta, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15, rudisha umeme, washa. Na ukitaka kuianzisha upya baadaye, chagua Restart. Shut down ya Windows 10 na 11 huwa haizimi yote pale uwashaji wa haraka ulipo wazi. Hali ya zamani huhifadhiwa na kurudishwa pamoja na kosa lake.

Wenye Windows 7 wana la ziada. Mfumo huo haukuja na draiva ya USB 3.0, kwa hiyo matundu ya buluu yanaweza kuwa mapambo tu, tumia meusi. Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 14 Januari 2020, na draiva mpya zenye saini ya usalama ya SHA-2 hukataliwa kama sasisho la KB4474419 halimo. Kununua adapta mpya kwa ajili ya Windows 7 ni kujitafutia kazi.

Maradhi ya pili yanawapata zaidi wanaonunua daraja la juu yake, adapta za RTL8811CU zinazoandikwa AC600 au AC650. Kwa ubora hizi ndizo tunazozipendekeza kwa nyumba nyingi, maana zinasoma gigahezi 2.4 na 5. Lakini zina ujanja unaowachanganya watu: zikichomekwa mara ya kwanza hujifanya diski ya sidii yenye draiva ndani. Device Manager inaonyesha sidii, namba ni VID_0BDA na PID_1A2B, na neno waifai halipo popote. Hiyo si mbovu. Fungua This PC, ingia kwenye hiyo sidii, endesha setup, subiri. Adapta hubadilika yenyewe ikawa waifai na namba yake ikawa nyengine, kama PID_C811. Ikikataa kubadilika, bofya sidii kwa kitufe cha kulia, chagua Eject, hesabu sekunde 10. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na usb_modeswitch, na kuanzia kerneli (kiini cha mfumo) 6.2 draiva ya chipu hii imo ndani. Ya MT7601U imo tangu 4.2.

Ikiwa draiva haimo kwenye adapta, linakuja lile fumbo la yai na kuku: draiva iko kwenye intaneti, intaneti inataka draiva. Kile kisidii cha sentimita 8 kiweke pembeni. Kompyuta nyingi za sasa hazina pa kukitia, na kilichomo ni cha zamani. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa chaji, ingia kwenye mipangilio ya kushiriki intaneti, washa ya kupitia USB. Windows 10 itaiona simu kama kadi ya mtandao. Zima kwanza masasisho makubwa ama sivyo bando lote litanywewa, kisha kwenye Device Manager bofya kifaa chenye alama ya njano, chagua Update driver. Ikishindikana, tafuta kwa ile namba ya VID na PID. Kaa mbali na programu zinazojitangaza kuwa zinatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Huja na wageni wasioalikwa.

Ya tatu ni fupi lakini inapoteza watu siku nzima. Device Manager imeiona adapta, hakuna alama ya njano, na bado orodha ya mitandao haipo. Angalia kama ni Windows ile "nyepesi" ambayo mafundi huiweka kwenye mashine dhaifu. Aliyeipunguza uzito mara nyingi amezima huduma ya WLAN AutoConfig, ambayo ndiyo inayoendesha waifai. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika sc config wlansvc start= auto, ukiacha nafasi baada ya alama ya sawasawa, kisha net start wlansvc. Ikijibu kwamba huduma hiyo haipo kabisa, weka Windows kamili. Hakuna njia ya mkato.

Na kuna "haisomi" ya mtandao mmoja tu. Ya jirani yote inaonekana, ya kwako haipo. Ruta yako inatangaza kwenye gigahezi 5 na kijidude kinajua 2.4 peke yake, au ruta imewekwa chaneli ya 12 au 13 na adapta imepangwa kwa sheria za Marekani, inaishia 11. Ruta iliyofungwa kwa WPA3 tupu, ule ulinzi mpya wa waifai, nayo huonekana lakini adapta kongwe haiungi. Marekebisho ni kwenye ruta.

Mji Mkongwe ni habari ya peke yake. Ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita unameza gigahezi 5, na antena iliyofichwa ndani ya ganda la ukucha haina ubavu wa kuvuka, khasa ikiwa imechomekwa nyuma ya kasha la chuma. Huko chukua yenye antena ya nje. TP-Link Archer T2U Plus ina antena ya dBi 5, megabiti 200 kwenye 2.4 na 433 kwenye 5, na draiva yake hupatikana wazi ukisoma toleo lililoandikwa kwenye kibandiko. Yoyote utakayochukua, iongezee waya wa USB wa mita 1 iende juu ya meza. Matundu ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4, adapta ikibanwa kando ya diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la buluu husoma kisha ikakatika, na lawama huangukia kampuni ya simu.

Kadi ya ndani ya PCIe, inayochomekwa kwenye mazabodi, ni bora kuliko zote kwa kudumu, ila ipimwe kabla. Kasha jembamba linataka bano fupi. Bluetooth yake haifanyi kazi mpaka waya wake mdogo uende kwenye pini 9 za USB. Kadi ya Intel AX210 inataka Windows 10 ya biti 64 au Windows 11. Na mtego mkubwa: AX201 na AX211 zinafanana na AX200 na AX210 kwa umbo, lakini ni za CNVi, nusu ya kazi yao hufanywa na mazabodi. Ukizitia kwenye kadi ya kawaida ya PCIe, kompyuta haitaziona asilani, safisha usafishavyo.

Kwa mnunuzi wa Pemba anayeagiza Unguja au Dar es Salaam, kurudisha kitu kwa boti ni gharama kuliko kijidude chenyewe. Mwambie muuzaji akichomeke kwenye kompyuta yake, apige picha ya ukurasa wa Hardware Ids, akutumie kabla hujalipa.