Darasa la uthibitisho Kondele: kila mstari unaulizwa "kwa nini?"

Mimi hufundisha hisabati Gredi ya 7 na ya 8 katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na wanafunzi wa siku hizi hawakubali kitu kwa kuambiwa tu. Ukiwaambia pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni digrii 180, lazima mmoja anyooshe mkono: "Madam, na nikichora kubwa kuliko hiyo?" Kuwapa protrakta wapime hakulimalizi swali hilo. Huyu atapata 179, yule 182, na hata wote wakipata 180 kamili, pembetatu hazina mwisho. Nilitaka jibu la kumtosha mtoto wa namna hiyo. Ndipo mwenzangu mmoja kazini akanielekeza kwa darasa la Jumamosi alasiri huku Kondele, ambalo kazi yake ni moja tu: kuandika uthibitisho, yaani hoja inayoonyesha kwa nini jambo ni kweli daima, wa jiometri na wa nambari.

Chumba kiko ghorofani, dirisha linatazama barabara ya Kakamega, kwa hiyo honi za matatu utazisikia. Kuna ubao, chaki na madawati ya mbao. Unalipa shilingi 300 kwa kipindi, kwa M-Pesa. Mwalimu ni mzee mstaafu ambaye karibu darasa zima linamwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

Sifa yake kubwa ni jinsi anavyosahihisha. Hakuwekei mkasi, ile X ya kosa. Anasoma uthibitisho wako mstari kwa mstari, na pale ulipokimbia anaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Kwa nini?" Daftari linakurudia, unaandika upya, unalirudisha. Sijawahi kuona mtu akisoma kazi ya mwanafunzi kwa heshima kama hiyo, na kwa maoni yangu hapo pekee ada imeshajilipa.

Nitoe mfano. Tulipewa kazi iliyoonekana rahisi: thibitisha kwamba nambari witiri mbili (zisizogawanyika kwa 2) zikijumlishwa, jumla ni shufwa (inayogawanyika kwa 2). Kijana mmoja aliyemaliza Form Four aliandika ubaoni kwamba ya kwanza ni 2k + 1, ya pili ni 2k + 1, na jumla ni 4k + 2, ambayo ni shufwa. Tukatikisa vichwa kukubali. Japuonj akauliza kwa upole, "Mwanangu, 3 na 7 umeziweka wapi hapo?" Kimya. k ikiwa 1, nambari zote mbili ni 3. Ikiwa 3, zote mbili ni 7. Kumbe kilichothibitishwa ni kwamba nambari witiri ikijumlishwa na nafsi yake inatoa shufwa, basi. Ya pili ilihitaji herufi yake: 2k + 1 na 2m + 1, jumla 2(k + m + 1). Lakini hakutuachia hapo. Alitaka tuone kwamba 4k + 2 ilikuwa inasema jambo la uongo, maana nambari ya namna hiyo haigawanyiki kwa 4 kamwe, ilhali 3 na 5 zinatoa 8. Nusu saa nzima kwa herufi moja! Ningelipia kipindi hicho mara mbili.

Ana pia dawa ya wale wanaodhani mifano mingi ni uthibitisho. Chukua n² + n + 41. Weka n kuanzia 0, upande mpaka 39: kila jibu ni nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Weka 40, upate 1,681, ambayo ni 41 mara 41.

Hoja ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwamba nambari tasa hazina kikomo ina zaidi ya miaka 2,200, na wengi wetu waliofunzwa waliikariri vibaya: eti zidisha nambari tasa ulizo nazo, ongeza 1, utapata nambari tasa mpya. Japuonj alitufanya tuzidishe 2, 3, 5, 7, 11 na 13, kisha tuongeze 1. Inakuja 30,031, na hiyo ni 59 mara 509. Si tasa. Hoja yenyewe inadai machache kuliko hayo: ukigawanya kwa nambari yoyote ya orodha yako unabaki na 1, kwa hiyo iwe isiwe kuna kigawanyo tasa kilicho nje ya orodha. Hapa 59 na 509 ndivyo hivyo.

Upande wa jiometri, kilichonifurahisha zaidi ni pembe iliyo ndani ya nusu duara. AB ni kipenyo, O ni kitovu, C ni nukta yoyote nyingine juu ya duara. Unganisha O na C. OA, OB na OC ni sawa kwa kuwa zote zinatoka kitovuni mpaka kwenye duara, kwa hiyo umepata pembetatu mbili, kila moja ikiwa na pande mbili sawa na pembe mbili sawa. Ziite pembe hizo a, a, b, b. Pembetatu kubwa ina a + b + a + b = 180, basi a + b ni 90, nayo ndiyo pembe ya C. Hakuna protrakta. Mama mmoja fundi wa nguo anayekaa dawati la mbele aliomba irudiwe, si kwa kutoelewa, alitaka tu kuiona tena.

Kasoro zipo. Jiometri inapewa muda mdogo kuliko nambari. Michoro ya kugawiwa imepigwa fotokopi ya fotokopi hadi herufi za pembe hazisomeki, na katika jiometri hilo ni kosa kubwa. Likizo za shule zikifika, wanafunzi wanajaa mpaka wengine wanasimama, na daftari lako linachelewa kurudi. Uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 si sehemu ulibanwa mwishoni mwa kipindi, watu wa Luanda na Maseno wakiwa tayari wanakusanya mikoba kuwahi gari. Hoja ile ilistahili alasiri yake.

Darasani kwangu sasa nachora pembetatu, napitisha juu ya ncha yake mstari sambamba na kitako, na pembe za Z (zile zinazopishana kati ya mistari sambamba, nazo ni sawa) zinapandisha zile mbili za chini hadi kukaa ubavuni mwa ya juu. Mstari mmoja ulionyooka, digrii 180. Binti wa dawati la nyuma aliangalia, kisha akauliza: "Na hizo za Z tunajuaje ni sawa?" Nililibeba swali hilo hadi Kondele. Japuonj alisema kila uthibitisho una mahali unapoanzia, na kazi ya mwandishi ni kuandika waziwazi anachokikubali bila kukithibitisha. Jumatatu tukaanza orodha hiyo na watoto, kwenye karatasi ya manila ukutani.

Kwa anayetaka kuja: beba rula, bikari na daftari la pekee kwa ajili ya somo hili. Fika mapema ukae mbele, ubao hauonekani vizuri kutoka mlangoni. Mtahiniwa wa KCSE anayetafuta maswali ya kudurusu haraka atafute kwingine. Mwalimu mwenzangu wa sekondari msingi, njoo.