Blanki ya futi 9 isiyo na jina: nimeipima kwa maji, nikairusha Bofa, nikaipeleka Vuma

Kibandiko kwenye shina la blanki hii kinasema inarusha gramu 40 hadi 100, na kwamba inarudi haraka. Nimekaa nayo wiki tatu, uani kwangu, kwenye mchanga wa Bofa na mwisho juu ya majabali ya Vuma, zote mbili pwani ya Kilifi, na nasema wazi: ni blanki nzuri, nitainunua tena, lakini si ya gramu 100. Ni ya gramu 65. Anayetaka kurusha chubwi, yaani uzito wa kuzamishia mshipi, la gramu 100 asiinunue.

Kwa asiyeijua kazi hii, blanki ni uti mtupu wa fimbo ya kuvulia, kabla haujafungwa pete za kupitishia mshipi, kiti cha rili (chombo cha kukunjia mshipi) wala kishikio. Hii ni ya kaboni, vipande viwili vinavyoingiana, rangi nyeusi isiyong'aa, na haina jina la kampuni popote. Niliiagiza mtandaoni, na pamoja na usafiri hadi Kilifi ilinifikia kwa shilingi 8,400. Mteja wangu ni mvuvi wa mshipi ambaye bamvua haimpiti bila kusimama Vuma. Alitaka fimbo ya kurushia chambo bandia cha mbao, kile kinachopiga maji juu juu kumwita kolekole. Vyambo vyake vina uzito wa gramu 55 hadi 70, na anataka vivuke povu la mawimbi, kwa kuwa samaki anayemtaka hupita nje ya povu.

Mimi nilianza kazi kwenye boti za Watamu, na kule fimbo hazirushwi. Chambo huburutwa nyuma ya boti, fimbo imesimama kwenye tundu lake, na kinachotakiwa ni nguvu tu ya kushindana na jodari au mbasi. Nilipohamia kwenye kutengeneza fimbo za watu wa nchi kavu nilikuja na akili ile ile ya boti. Fimbo yangu ya kwanza ya majabali ilikuwa nene na ngumu, na niliifunga kwa moyo wote. Mwenyewe aliirudisha baada ya siku nne, akaniwekea mezani kwa adabu, akasema, "Fundi, hii yavuta, lakini hairushi." Maneno yale yamekaa nami. Tangu siku ile sifungi pete hata moja kabla sijajua uti wenyewe unarusha nini.

Dukani watu huishika fimbo na kuitikisa. Wengine huisukuma ncha kwenye dari. Kutikisa fimbo isiyo na mzigo kunakuonyesha jinsi kiganja kinavyoupokea uzito wa fimbo yenyewe, basi. Chambo cha gramu 65 kinapokwenda kasi nyuma ya bega kinainyumbua fimbo hadi katikati na zaidi, na huko mkono wa dukani haufiki. Nimeona fimbo zinazotetema vizuri sana mkononi halafu zikirusha hafifu, na nimeona nyingine nzito, za fibaglasi ya zamani, zinazorusha sawasawa kabisa mradi uzipe muda wao.

Mmarekani aitwaye Dk. William Hanneman aliwaletea watengenezaji wa fimbo njia rahisi ya kupima. Unalilaza shina mlalo na kulibana, unatundika mfuko nchani, unatia senti za Kimarekani moja moja hadi ncha ishuke theluthi ya urefu wa fimbo, kisha unazihesabu. Senti zao zilizotengenezwa baada ya 1982 zina gramu 2.5 kila moja, kwa hiyo fundi aliye mbali anaweza kulinganisha blanki yake na ya mwenzake bila kununua mizani. Sisi hatutembei na senti za Marekani, lakini maji yako kila nyumba, na mililita moja ya maji ni gramu moja. Mimi hutundika chupa tupu ya plastiki niliyokwisha kuipima uzito wake, na kuijaza kwa sirinji ya mililita 20 ya duka la dawa. Shina nalibana kwenye benchi kwa vipande viwili vya mbao vilivyozungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, lisije likavunjika nyuzi zake.

Blanki hii ina sentimita 274, theluthi yake ni 91. Ncha ilishuka sentimita 91 nilipofika gramu 450. Fimbo yangu mwenyewe ya urefu huo huo, ambayo najua kwa miaka mingi kwamba inabeba gramu 100 bila kulalamika, iliomba gramu 680. Hapo tu kibandiko kilikuwa kimeshajibiwa. Nikapima na pembe ya ncha kwa simu iliyolazwa juu ya kipande cha ubao chembamba: nyuzi 71. Kwa hesabu ya Hanneman, zaidi ya 66 ni fimbo inayonyumbukia nchani, inayorudi haraka. Upande huo aliyeandika kibandiko amesema kweli.

Waingereza nao wana kipimo chao cha zamani. Unavuta mpaka ncha itazame chini, imefanya pembe mraba na shina, unasoma ratili, na kila ratili moja inakupa aunsi moja ya chambo. Kwa gramu ni kugawanya kwa 16. Blanki hii ilifika pembe mraba kwa gramu 1,050, na ukigawanya unapata kama 65. Kanuni hii ni ya enzi za fimbo za mwanzi, na kaboni mara nyingi huizidi, kwa hiyo mimi naichukua kama mahali pa kuanzia kurusha, si hukumu.

Maana maji ndani ya chupa yanakuambia ugumu tu. Hayakuambii kasi. Blanki mbili zinaweza kubeba chupa ile ile, na moja ikarudi wima upesi kuliko nyenzake kwa sababu yenyewe ni nyepesi kuelekea nchani. Urushaji unaishi hapo. Basi niliibana tena, nikaivuta ncha kwa kidole sentimita kumi, nikaiachia, na nikapiga video ya simu ya mwendo wa polepole. Blanki tupu: mitikisiko 10 kwa sekunde 3.4. Nikabandika kwa utepe seti ya pete nzito za miguu miwili, zile ambazo mteja alizipenda kwa macho: sekunde 4.1. Nikazitoa, nikabandika pete nyepesi za mguu mmoja kuanzia katikati kwenda nchani na kubakiza za miguu miwili chini tu: 3.6. Uti ni ule ule, ukakamavu ni ule ule, na fimbo mbili tofauti zimezaliwa. Nilimwita mteja aitazame video kwa macho yake kabla hajaamua, naye akachagua nyepesi. Ningeomba kila fundi afanye hivi. Watu wanalipa pesa nyingi kupata kaboni nyepesi, kisha tunaipachika vyuma na gundi nchani na kuirudisha utumwani.

Mahali pa pete nako kuna kazi yake. Rili ya kuzungusha uzi hutoa mshipi kwa mizunguko mikubwa, na pete za chini zinatakiwa kuituliza mizunguko hiyo pole pole. Mafundi wengi huchukua kipenyo cha spuli, ile sehemu ya rili inayoshika mshipi, wakakizidisha kwa 27 na kuweka pete ndogo ya kwanza umbali huo kutoka usoni pa spuli. Spuli ya mteja ina sentimita 6, hivyo pete hiyo ilikwenda sentimita 162. Niliikuta ikifaa, nikaisogeza sentimita mbili tu mbele baada ya kurusha. Zote zilikuwa kwenye utepe bado, kwa sababu utepe unatolewa, lakini gundi ya epoksi haitolewi.

Bofa nilikwenda alfajiri tatu, kabla upepo haujaamka, maji yamekupwa na mchanga mgumu. Nilitumia uzi wa kusuka unaobadilika rangi kila mita 10, kwa hiyo umbali nausoma kwenye spuli. Machubwi ya gramu 40, 65, 80 na 100, mirusho mitano kila moja, nikiacha mrusho mbaya na mrusho wa bahati. Gramu 40 zilikwenda kama mita 70, na fimbo ilikuwa kama haijaamka. Gramu 65 zilipita 90 na mkono ukausikia uti ukijaa hadi karibu na kishikio na kutema. Gramu 80 zilikwenda karibu sawa na 65, lakini kwa nguvu zaidi. Gramu 100 zilirudi nyuma hadi chini ya 80: ncha ilikuwa imelala kabisa, na ukijaribu kuisukuma inakuvunjia wakati. Sikuendelea, kwa sababu kulazimisha uzito huo ndiko kunakopasua blanki.

Jambo moja sikulitarajia. Mpwa wangu, kijana wa miaka 17 mwenye mkono mwepesi, alirusha baada yangu, na gramu 80 zikawa bora kwake kuliko 65. Yeye huanza polepole na kumalizia kwa kasi. Mimi nasukuma tangu mwanzo. Kwa hiyo namba ya fundi si namba ya mvuvi. Mteja wangu nilimleta Bofa siku ya tatu arushe mwenyewe, na hapo ndipo nilipoamua urefu wa kishikio. Ana mikono mifupi, nikasogeza kiti cha rili sentimita 5 kuelekea chini, na chambo chake kikaongeza takriban mita 6 papo hapo. Hakuna blanki ya bei yoyote ambayo ingempa mita hizo kama kiti kingebaki pabaya.

Vuma ndiko kwenye mtihani wenyewe. Kusi ilikuwa imeshika, inakuja usoni kutoka mkono wa kulia, na unarusha ukiwa juu ya mwamba, bahari iko chini yako. Kwa chambo cha gramu 60 chenye tumbo pana tulipata mita 60 hivi, wakati fimbo ya zamani ya mteja ilikuwa ikiangusha ndani ya povu. Ncha inayorudi haraka ilimsaidia kurusha chini chini, chini ya upepo. Inapovuta samaki, ulaini wa nchani huisha upesi na nguvu za chini huanza. Alimpata kolekole wa kilo 9 asubuhi ya pili, na uti ulijikunja vizuri hadi kishikioni bila mshipi kugusa kaboni baina ya pete. Kumpandisha samaki kwa fimbo juu ya jabali lile usijaribu, kwa blanki hii wala nyingine. Tulimvuta kwa kamba na ndoana kubwa.

Kasoro. Kiungo cha vipande viwili kilikuja kikitetereka kidogo. Nilikipaka nta ya mshumaa na kikatulia, lakini kwa mkono usio na uzoefu kingelegea katikati ya mrusho. Kipande cha juu kimepinda kidogo sana, kiasi cha upana wa sarafu ukikitazama kwa jicho moja. Wapo mafundi wanaotafuta ule upande mgumu wa uti kwa kuuviringisha chini ya kiganja, na kupanga pete kuufuata. Mimi nilifuata mpindo, nikaweka pete ili ncha iinuke juu, na uzito wa pete ukainyoosha. Fimbo ikijipindua mkononi ukiwa na samaki, sababu ni pete kukaa juu ya uti zikivutwa zirudi chini, na upande mgumu hauizuii.

Kosa la kibandiko ndilo linaloniuma. Muuzaji aliyeiuza kwa maandishi ya gramu 100 anajua mnunuzi wake hana chupa ya maji wala benchi. Kuna vijana Kilifi na Takaungu wanaoweka akiba miezi mingi kununua fimbo moja, na namba hiyo ndiyo pekee wanayoitegemea. Nilimwandikia na kumtumia vipimo vyangu vyote. Alinijibu kwamba kibandiko hutoka kiwandani hivyo.

Kwa bei hii, kwa kolekole na mzia wa majabalini, kwa chambo cha gramu 50 hadi 75, sijapata blanki inayoishinda mkononi mwangu mwaka huu. Kwa chubwi la chini na chambo cha ngisi, tafuta iliyo ngumu zaidi, inayoomba gramu 650 za maji au zaidi kwa urefu huu. Ukiwa dukani na huwezi kupima, omba hata kutundika chupa ya nusu lita nchani na utazame inashuka kiasi gani. Muuzaji anayekataa hilo, mimi sinunui kwake.

Kibandiko nilikikwangua kwa ukucha na spiriti. Kabla ya kupaka epoksi ya mwisho niliandika kwa kalamu nyeupe, juu kidogo ya kishikio: 65, mwisho 80. Imekauka kwa siku mbili, na mwenyewe ameshaichukua.