Trekta ya Nguvu za Farasi 25 hadi 40 kwa Ekari Chache: Mashine na Zana Zinazostahili Kununuliwa

Ekari chache za kijijini ambazo hazilimwi zote kwa ajili ya soko zina kazi zake za kujirudia: majani na vichaka vya kufyeka, njia ya kuingilia inayochimbwa na mvua, mbolea na changarawe za kuhamisha, magogo ya kuvuta, na mara mojamoja bustani ya kutifua. Kwa kazi za namna hii, trekta zenye nguvu za farasi kati ya 25 na 40 ndizo ninazozipa nafasi ya kwanza, na tathmini hii inalihusu kundi hilo pamoja na zana zinazofungwa mbele na nyuma yake. Trekta kubwa zaidi hukandamiza udongo na kushindwa kugeuka kati ya miti. Zilizo ndogo zaidi hupunguza nyasi za uani vizuri sana, lakini huzidiwa mapema zinapokutana na kichaka kilichokomaa.

Idadi ya farasi inayotajwa kwenye tangazo ndiyo inayouza trekta, na ndiyo inayomchanganya mnunuzi kuliko kitu kingine chochote. Kubota BX2680 na Kubota L2501 zote mbili zina injini ya farasi 24.8, na anayesoma namba hiyo peke yake atadhani ni mashine za daraja moja. Ukweli ni kwamba L2501 inakaribia kuizidi mwenzake mara mbili kwa uzito, injini yake ina ujazo mkubwa zaidi, na hufikia nguvu hizo ikizunguka mara 2,200 kwa dakika, wakati injini ya BX2680 hulazimika kufika mara 3,200. Uzito ndio unaoyapa magurudumu mshiko wa kuvuta, ndio unaoizuia trekta isisukumwe na zana nzito kwenye mteremko, na ndio unaoamua mzigo utakaoweza kuinuliwa kwa mbele bila magurudumu ya nyuma kuelea. Kwa hiyo ninashauri ukurasa wa vipimo usomwe kuanzia kwenye uzito, kisha nguvu inayofika kwenye shafti ya PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha zana, na nguvu ya injini iwe ya mwisho.

Nguvu ya PTO ina maana kubwa kwa sababu ya fyekeo, ambalo wengi hulijua kama slesha ya trekta. Hii ndiyo zana itakayofanya saa nyingi kuliko nyingine zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuichagua trekta, wala si trekta kuichagua zana. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni farasi 5 za PTO kwa kila futi ya upana wa fyekeo, hivyo fyekeo la futi tano, yaani mita 1.5, linahitaji takriban farasi 25 kwenye shafti. Trekta ya farasi 25 za injini haifikishi kiasi hicho nyuma, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea kwenye gia na pampu. Itafyeka kwa upana huo mahali ambapo majani hukatwa mara kwa mara, lakini penye miti midogo na majani ya msimu mzima ni heri kutumia fyekeo la futi nne. Anayetaka futi tano bila masharti atafute trekta ya farasi 33 au zaidi.

Kwenye fyekeo lenyewe kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka mno. Visu vinapogonga kisiki, kitu fulani lazima kikubali kushindwa kabla giaboksi haijavunjika, na kitu hicho huwa ama boliti laini inayokatika ama klachi inayoteleza. Boliti ni rahisi kununua, ila huchosha kubadilishwa katikati ya kazi. Klachi huendelea na kazi baada ya kuteleza, na ndiyo ninayoipendelea, mradi mmiliki akumbuke kuilegeza na kuitelezesha baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika, kwa maana sahani zake hushikana kwa kutu na ulinzi ukatoweka bila dalili yoyote. Fyekeo lisilo na minyororo ya kinga mbele na nyuma lisinunuliwe hata likitolewa kwa nusu ya bei. Jiwe linalorushwa na visu linaweza kufika mita 90, na visu vyenyewe huendelea kuzunguka kwa muda baada ya PTO kuzimwa.

Kuhusu gia, ubishi kati ya wapenzi wa gia za kawaida na wa haidrostati hautaisha, lakini unapungua makali mtu akitazama kazi. Haidrostati, ambayo hupitisha nguvu kwa mgandamizo wa mafuta badala ya gia za kubadilisha, huendeshwa kwa padali, bila kukanyaga klachi kila unapobadili mwelekeo, na kwa anayepakia na kumwaga kifusi asubuhi nzima raha yake haina mfano. Gia za kawaida hufikisha nguvu nyingi kidogo kwenye PTO na hutosha kabisa kwa anayefyeka uwanda mpana kwa mwendo mmoja. Mwenye loda, yaani ndoo ya kupakia inayofungwa mbele, achukue haidrostati.

Loda ya mbele ndiyo inayoibadilisha trekta kutoka mashine ya kukata majani ikawa kibarua wa kila siku, na ndiyo pia inayoipindua. Vipimo vyake vinahitaji jicho kali: mtengenezaji mmoja hutaja uzito unaoinuliwa kwenye pini za ndoo, mwingine hutaja uzito ulio milimita 500 mbele ya pini hizo, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni kubwa kiasi cha kugeuza uamuzi. Uzito wa ndoo yenyewe nao hutolewa kwenye jumla. Mikono ya nyuma inayoinua zana ina mchezo huohuo, kwani kipimo cha kwenye ncha za mikono huwa kikubwa kuliko kile cha milimita 610 nyuma yake, mahali ambapo mzigo hukaa kwa kweli. Loda isifanye kazi bila uzito wa kusawazisha nyuma, na ndoo iliyojaa isafirishwe ikiwa chini, karibu na ardhi. Fremu ya kinga dhidi ya kupinduka isimamishwe na mkanda ufungwe. Mkanda bila fremu ni hatari, na fremu bila mkanda haina faida kubwa.

Kwa njia ya kuingilia, sanduku la kusawazishia lenye meno ya kuchimbua linaishinda bledi ya kawaida, yaani ubapa wa chuma wa kusukumia udongo, kwa sababu linabeba udongo kutoka kwenye kilima hadi kwenye shimo badala ya kuusukuma pembeni. Upana wake ufunike alama za matairi ya nyuma. Lina ukaidi wake kwa asiyelizoea, na mara nyingi huacha mawimbi zaidi ya yale liliyoyakuta, hadi mkono wa juu wa kulifungia kwenye trekta urekebishwe urefu. Kwa kuwa ni zito, hutumika pia kama uzito wa kusawazisha loda, jambo linaloipa bei yake thamani maradufu.

Zana hizi zote hufungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma, mfumo wa mvumbuzi Harry Ferguson ulioenea baada ya kuwekwa kwenye trekta ya Ford 9N mwaka 1939. Katika daraja la kwanza la vipimo vya mikono hiyo, ambalo ndilo la trekta hizi, pini za chini zina kipenyo cha milimita 22 na ya juu milimita 19, hivyo zana kongwe iliyonunuliwa mnadani inaweza kufungwa kwenye trekta iliyotoka kiwandani jana. Ninawahimiza wanunuzi waitumie nafasi hiyo: sanduku la kusawazishia lililotumika halina kikubwa cha kuharibika. Fyekeo lililotumika ni habari nyingine. Giaboksi yake ichunguzwe mafuta na shafti ichezeshwe kwa mkono.

Rotaveta, zana ya kutifulia udongo, ni nzuri lakini hukaa bure muda mwingi, na kekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo ni ya kuazima au kukodi. Mkono wa kuchimbia mitaro unaofungwa nyuma ni ghali, unahitaji fremu yake chini ya trekta, na mwenye mtaro mmoja wa kuchimba atatumia fedha kidogo zaidi akimwita mwenye ekskaveta.

Mnunuzi wa trekta mpya aulize kuhusu chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Kanuni za Marekani ziliyafanya machujio hayo kuwa ya kawaida kwenye injini za dizeli zinazozidi takriban farasi 25 kuanzia 2013, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa trekta nyingi zinazoishia farasi 24 na pointi kadhaa. Chujio hujichoma masizi kwa joto kali injini inapofanya kazi ya kweli. Trekta inayoachwa ikinguruma bila mzigo hulijaza upesi.

Kwa trekta iliyotumika, Massey Ferguson 135, iliyoanza kuundwa 1964, bado ina heshima yake, hasa zile zenye dizeli ya Perkins ya silinda tatu, ambayo mafundi wengi wanaifahamu. Ni ya kufyeka na kuvuta trela. Kwa loda siipendekezi, kwa kuwa huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu na nyingi zina usukani mgumu. Mnunuzi ahakikishe ina klachi ya hatua mbili, ili visu viendelee kuzunguka trekta inaposimamishwa, na akague rimu za nyuma kwa ndani, kwani maji ya chumvi yaliyowekwa kwenye matairi ili kuongeza uzito huzila kwa kutu kuanzia kwenye tundu la valvu.