Kozi Moja, Kampasi Mbili: Tathmini Kutoka Mtwara

Kozi fupi ya takwimu za utafiti wa kilimo, ambayo chuo kikuu kimoja cha Uingereza huifundisha kwa mtandao kikishirikiana na kampasi yake ya Malaysia, ninaipendekeza kwa yeyote anayefanya kazi na mikorosho, ingawa sababu yangu haikuwemo katika tangazo lao. Tangazo lilijaa sifa za chuo mama, ilhali kilichonifaa mimi, ninayeshughulika na vipimo vya mashambani huku Mtwara, kilitoka kampasi ya ng'ambo. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa si yote nitakayoyaeleza ni ya sifa.

Mhadhiri wa Uingereza alifundisha kwa mifano ya ngano, ambayo hupandwa, huvunwa na kwisha, kisha msimu unaofuata shamba huanza upya. Mwenzake wa Malaysia alileta takwimu za michikichi, ambayo hukaa shambani kwa takriban miaka 25, na hapo ndipo somo lilipotugusa sisi wa korosho. Mti uleule ukipimwa mwaka hadi mwaka, vipimo vyake huwa vinahusiana, kwani mti uliozaa vizuri mwaka huu una sababu zake za kuzaa vizuri tena. Mtafiti akivihesabu kana kwamba vimetoka kwenye miti tofauti, atajiaminisha kuwa ana ushahidi mwingi kuliko alionao. Mhadhiri huyo alieleza pia kwa nini kati ya kitalu kilichopuliziwa dawa na kisichopuliziwa pawepo mistari ya miti isiyohesabiwa. Aliyewahi kuona vumbi la salfa likipeperushwa na upepo hadi kwenye mikorosho ya jirani, wakati wa kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, hahitaji kushawishiwa juu ya hilo.

Vipindi bora kuliko vyote vilikuwa vile ambavyo wahadhiri wote wawili waliingia pamoja na kupingana mbele yetu, mmoja akitetea majaribio madogo yaliyodhibitiwa vizuri, mwingine akisema kuwa shamba la mkulima lina mambo ambayo kituo cha utafiti hakiwezi kuyaigiza. Sijui kama walikusudia kubishana; natumaini wataendelea.

Kasoro kubwa ni kwamba ushirikiano huo uliishia kwenye kufundisha, haukufika kwenye kuamua. Umeme ulipokatika kwetu karibu na siku ya kuwasilisha kazi, niliomba kuongezewa muda kwa mhadhiri wa Malaysia, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia kundi letu, naye akanijibu kwa upole kwamba hana mamlaka hayo na kwamba ombi lazima lipelekwe chuo mama. Jibu lilikuja likiwa la kukubali, lakini muda wenyewe ulikuwa umekwisha kupita. Kadhalika maktaba: makala kadhaa zilizowafungukia wanafunzi wa Uingereza hazikutufungukia sisi tulioandikishwa kupitia tawi, kwa sababu mikataba na wachapishaji ilihesabu kampasi ya nyumbani peke yake. Kama chuo kinaitangaza kozi kuwa moja, basi na rafu za vitabu ziwe za wote.

Kuhusu saa, Mtwara tunakaa mahali pazuri. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule Uingereza wakati wa baridi ni saa tano asubuhi kwetu na saa kumi jioni Malaysia, kwa hiyo hakuna anayekesha. Isipokuwa mwishoni mwa Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na ratiba ambayo ilikuwa ikituita saa nne huhamia saa tano bila mtu kutukumbusha.

Anayetaka shahada kamili, tena ya kukaa darasani, asitazame kozi ya namna hii. Zanzibar ipo kampasi ya IIT Madras, yaani Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2023, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, inayofundisha sayansi ya data na akili unde; hiyo ni njia nyingine kabisa, yenye usaili wake na gharama zake.

Kwa mwenye kazi na shamba la majaribio, kozi hii inatosha. Ajiandae kulipa kwa pauni, anunue bando la kutosha kwa video, na apakue rekodi za vipindi usiku, mtandao unapokuwa mwepesi. Cheti chenyewe ni cha kuhudhuria, hakina uzito wa shahada, hivyo anayekusudia kukitumia kuombea masomo ya juu aulize kwanza huko anakoomba, kabla hajalipa. Akiandikishwa, aombe msimamizi wa Malaysia.