Bima ya nyumba na mafuriko: aliniuliza swali moja, akafunga faili

Naandika bado nina hasira. Mvua zile zilipita zamani kidogo, lakini ukutani sebuleni mstari wa tope upo hadi leo, usawa wa goti langu, na kila nikiupita namkumbuka yule kijana wa kampuni ya bima.

Mkadiria hasara huyo alikuja siku ya tatu au ya nne. Godoro lilikuwa nje linanuka, makabati yamevimba, milango yake haifungi. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini na kalamu mkononi, akaniuliza: "Mama, maji yalitoka juu au chini?" Nikasema kweli: yalitoka barabarani, yakapita chini ya mlango. Akaandika neno moja, akafunga faili. "Hayo ni mafuriko. Bima yako haina mafuriko."

Nikamwambia, mwanangu, mbona hati imeandikwa uharibifu wa maji? Akanijibu ameshanipa mgongo: "Hayo ni ya bomba, mama. Ungesoma."

Ungesoma! Miaka yote nalipa bila kuchelewa, na wakala aliponiuzia alisema kwa kinywa chake kwamba maji yamo. Hakusema maji gani. Bomba likipasuka ndani, wanalipa. Upepo ukiezua paa mvua ikaingia, mara nyingi wanalipa. Maji hayo hayo yakishatua ardhini na kukujia mlangoni, yanaitwa mafuriko, na kama hukukata bima yake au nyongeza yake, huambulii kitu.

Nilitaka kuwaambia msikate bima kabisa. Lakini jirani yangu, usiku ule ule, maji yale yale, alilipwa, kwa sababu nyongeza ya mafuriko alikuwa nayo. Walimkata uchakavu wa samani na ile sehemu ya hasara anayobeba mwenyewe, ila nyumba yake sasa imepigwa rangi. Kwa hiyo siwezi kuiita wizi.

Mimi mwenyewe nimeikata, kwa kampuni nyingine, na safari hii nilimwambia wakala aniwekee kidole pale palipoandikwa mafuriko. Akaweka. Nikakuta vitu vya ndani vina kiwango chake cha kulipwa, mbali na jengo, na kwamba bima haianzi siku unayolipa. Hata mpango wa bima ya mafuriko wa serikali ya Marekani, ulioanza 1968, kwa kawaida unasubirisha siku 30. Ukingoja wingu litande ndipo ukimbilie ofisini, umechelewa.

Hayo nayakubali, ndiyo masharti. Kinachonikaba ni lile swali la juu au chini. Halikumaliza hata dakika moja pale kizingitini, na siku naweka sahihi hakuna aliyeniuliza. Kampuni ile sirudi.